Hadhi ya Umoja

Kuna watu wakipata gari tu, wanasahau hata mwenzao waliyekuwa wakigawana naye kipande cha sabuni. Violet alikuwa mmoja wao, na Anande alipomfikiria siku hizi alijikuta akisonya peke yake jikoni.

Wao, Sinyati na wenzao wengine walikuwa wasichana wa bweni moja kwenye chuo cha uhazili. Siku ya kuhitimu waliapa kuwa dada mpaka kaburini: shughuli ya mmoja ni ya wote, na hakuna atakayesimama mbele ya wakwe peke yake. Walitimiza kwa miaka mingi. Wakiingia ukumbini na sare zao, wakicheza, Arusha ilijua hawa ni wanawake wa neno lao.

Zikaja nyakati za ruksa, biashara zikaachiwa huru. Violet akafungua kampuni ya kutembeza watalii. Kiwanda alichokuwa akifanyia kazi Sinyati kikauzwa, naye akapunguzwa kazini. Sasa alikuwa akikata maua shambani Usa River. Binti yake Namnyaki alipochumbiwa, Sinyati alikuja mwenyewe kwenye kikao cha umoja wao nyumbani kwa Violet, Lemara, kuwaomba dada zake wamsindikize kwenye sendofu, sherehe ya kumuaga binti. Alipokwisha kuondoka, Violet akaguna.

"Jamani, turubai uwanjani, na wakata maua? Tutume zawadi, inatosha. Umoja una hadhi yake."

Wengine wakatazama soda zao. Anande alihisi damu inampanda kichwani.

"Hadhi gani, Mama Derick? Ulipofiwa na Baba Derick, nani alilala chini na wewe matanga yote? Si Sinyati?"

"Hayo ya zamani, Anande. Mambo yamebadilika."

"Umebadilika wewe!" Akachukua mkoba wake, akatoka bila kuaga.

Jumamosi akavaa sare. MC alipowaita dada wa mama mzazi, waliingia wawili tu, yeye na Sinyati, mkono kwa mkono. Wakwe walinong'onezana. Sinyati alitabasamu, na Anande akacheza kwa hasira na kupiga vigelegele mpaka koo likamuwasha.

Kabla mbuzi mzima wa ndafu hajakatwa, magari yakaingia yakipiga honi. Violet na wenzake, sare zimenyooshwa! Kumbe wamepata habari kwamba mjomba wa bwana harusi ni mkubwa wa forodha. Yule yule aliyedharau turubai sasa aliinama kupita chini yake, akitafuta kiti karibu na mjomba. Haya hana! Anande alitamani kumvua kilemba hadharani.

Ukafika utambulisho. Mama wa binti huwasimamisha ndugu zake mbele ya wakwe, na atakayetajwa hapo ndiye atakayeitwa ndoa ikiyumba. Violet alishajiweka sawa, ameinuka nusu kwenye kiti.

Sinyati alishika kipaza sauti. Akawataja kaka zake, akamtaja shangazi yake wa Nduruma. Kisha akamwinua Anande.

"Huyu ni dada yangu. Tumetoka naye chuoni. Namnyaki akilia huko kwenu, mwiteni huyu."

Wakwe wakapiga makofi. MC akaonyesha upande wa pili.

"Na wale, mama, wenye sare kama yake?"

Sinyati aliwatazama, mmoja baada ya mwingine, bila haraka.

"Wale ni wageni waalikwa," akasema. "Karibuni sana. Chakula kipo."