Bwana Hamood Ampeleka Mkewe Kupunga Hewa

Bwana Hamood, karani wa forodha ya Mkoani, alikuwa mtu wa kwanza Pemba nzima kugundua kwamba dawa ya mimba ni bahari. Aligundua hayo ofisini, mwaka wa hamsini na tisa, ndani ya gazeti la Kizungu ambalo afisa mmoja alilisahau mezani. Mlikuwa na picha ya meli kubwa nyeupe, na juu yake bibi mmoja wa Kiingereza amejinyoosha kitini, miwani ya jua usoni, tumbo juu. Maneno ya chini ya picha Bwana Hamood hakuyasoma yote, kwa kuwa yalikuwa mengi na madogo. Lile tumbo lilimtosha. Kwamba huenda bibi yule alikuwa mnene tu, kama watu wengine wanavyokuwa wanene, halikumpitikia.

"Wenzetu wakiwa waja wazito hupelekwa baharini kupunga hewa," alimwambia mkewe aliporudi nyumbani. "Nna likizo ya wiki mbili na pasi ya meli ya watu wawili. Tutakwenda Unguja na kurudi. Daraja la kwanza."

Mize, mkewe, alikuwa na mimba ya miezi minane, miguu imemvimba, na jambo moja tu alilolitaka duniani: kwenda kwao Tumbe akajifungulie mikononi mwa mamake. Hakuwa akiomba muujiza. Mtoto wa kwanza huzaliwa kwao mwanamke. Ndivyo walivyofanya dada zake wote, na hakuna aliyewauliza sababu. Mwezi wa saba ulipoingia alifunga nguo zake akangoja kupelekwa. Mama mkwe wake, Bi Thuraiya, akazifungua. Bi Thuraiya alikuwa na mashamba matatu ya mikarafuu, saa ya ukutani isiyokwenda, na pua nyepesi sana. Mjukuu wake, alisema, hawezi kufungua macho kwenye harufu ya dagaa wa Tumbe. Atazaliwa hapa hapa, ndani ya nyumba ya ghorofa.

Bwana Hamood aliyapima maneno ya mkewe na ya mamake kwa makini, kama mume mwadilifu, kisha akakubaliana na mamake. Mize akazirudisha nguo zake sandukuni. Aliogopa kuzaa, aliogopa tangu anaamka mpaka analala, na katika nyumba yote ile ya ghorofa hakukuwa na mtu wa kumwambia.

"Meli itapita wapi?" alimuuliza mumewe.

"Itatia nanga Wete kwanza, ipakie karafuu, ndipo ivuke Unguja."

"Basi twende, bwana," alisema Mize, kwa upole ambao ungemshtua mume yeyote mwenye kusikiliza.

Kutoka Wete hadi Tumbe ni safari ya basi tu. Atashukaje, hakujua. Alizikunja nguo za mtoto, akazilaza chini ya kanga zake, akafunga mzigo.

Matayarisho ya Bwana Hamood yalikuwa makubwa zaidi. Alinunua ndimu ishirini, tangawizi, na mwavuli, akatia na kiti cha kukunja, yote katika kapu moja lililomtoa jasho mchukuzi. Njiani kwenda gatini alimpa mkewe nasaha. Asiyatazame maji. Asile chochote chenye mafuta. Akisikia kizunguzungu amwite yeye mara moja, kwa kuwa wanawake ni dhaifu na bahari haina simile. Mize, aliyekuwa akipanda ngalawa ya babake kabla hajaota meno ya mbele, alisema ahsante.

Juu ya ngazi ya meli alisimama karani wa tiketi, Bwana Shaame, mtu wa sheria kuanzia kofia hadi viatu. Sheria ilisema mja mzito aliyetimiza miezi saba havushwi kwenda Unguja bila ya barua ya daktari.

"Miezi mingapi?" aliuliza.

"Mitano," alisema Bwana Hamood, bila ya kupepesa.

Bwana Shaame aliliangalia buibui la Mize, ambalo kwa mbele lilisimama kama lililoficha mtu wa pili. Kisha akamwangalia Bwana Hamood na tai yake. Karani wa forodha, ambaye kazi yake ni kuwakamata waongo, atasemaje uongo? Akatoboa tiketi.

Meli iling'oka. Bwana Hamood alimkalisha mkewe kitini kama yule bibi wa gazetini, akafungua mwavuli, akasimama ubavuni pake kutazama kama faida zimeanza kuonekana. Walipofika usawa wa kisiwa cha Misali, pepo zikavuma kidogo na meli ikaanza kuyumba. Bwana Hamood akakata ndimu moja, kwa ajili ya mkewe, akainyonya mwenyewe. Akakata ya pili. Kufika ya saba alikuwa amekaa chini. Kufika ya kumi na moja alikuwa kwenye kiti na Mize amesimama, na mwavuli anao Mize.

Huo ndio wakati bwana alipoanza kutapika, na alitapika kwa bidii ambayo ofisini hawajawahi kuiona. Mize alimfuta uso, akamshika kichwa. Alimwonea huruma kweli, maana hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtoto wa Bi Thuraiya tu. Mumewe alipotulia kidogo, yeye akala mkate wa kumimina na kipande cha pweza alichopewa na bibi mmoja wa Micheweni. Bibi huyo alimwangalia Bwana Hamood kwa muda mrefu.

"Ya kwanza?" aliuliza.

"Ya kwanza, bibi," alijibu Mize.

"Ndiyo yenye tabu. Ya pili hatasumbuka hivi."

Bwana Hamood hakuwa na nguvu za kukasirika. Alifumba macho, akaushika mkono wa mkewe, na kwa sauti nyembamba, mtu wa miaka thelathini na mbili, mwenye makarani wawili chini yake, akasema, "Mama."

Mize akainama. "Unasemaje, bwana?"

"Namtaka mama," alisema Bwana Hamood, na machozi yakamtoka. "Nipelekeni kwa mama."

Mize hakucheka. Alikuwa akicheka moyoni tangu Mkoani, na sasa kicheko kikamkauka.

"Na mie namtaka wangu," alisema.

Bwana Hamood akafumbua macho. Kwa miezi miwili maneno hayo alikuwa akiyasikia mezani, na hayakumfika. Sasa yalimkuta ndimu zimekwisha, kapu tupu mapajani na tumbo tupu zaidi. Aliutazama uso wa mkewe kana kwamba ndiyo kwanza ameozeshwa.

Wete, meli ilitia nanga mbali kidogo na pwani, na mashua ikaja kuchukua wanaoshuka. Bwana Shaame akapita kukagua tiketi za wanaovuka.

"Bwana Shaame," alisema Mize, "mie nna miezi minane, na barua ya daktari sina."

"Bwana kasema mitano."

"Ndiye huyo, muulize."

Bwana Shaame alimgeukia Bwana Hamood. Kusema mitano kulikuwa rahisi, na mkewe angebaki. Bwana Hamood akainuka kitini, akashika ukingo wa meli.

"Minane," alisema. "Mshushe. Mama yake yuko Tumbe."

"Nawe unashuka?"

Bwana Hamood alichungulia ile mashua ikiruka ruka chini ya ngazi, akarudi kitini. Mize aliteremka peke yake, mzigo kichwani, hatua kwa hatua, na mabaharia waliotaka kumsaidia ikabidi wamfuate mbio.

Alishuka basi Tumbe alasiri. Mamake, Bi Mwatum, alikuwa mlangoni akichambua mchele. Hakuuliza amekujaje wala na nani. Alimtia mkono tumboni, akasikiliza kwa vidole.

"Umekawia," alisema. "Kitanda n'shakitandika miezi miwili."

Hapo ndipo Mize alipolia, akalia mpaka akashiba.

Alijifungua baada ya siku tisa, mtoto wa kike. Baba mtoto alikuwa bado Unguja, akienda gatini kila asubuhi kuitazama bahari na kuahirisha. Hata aliporudi Mkoani, Bi Thuraiya alimngojea juu ya ngazi ya nyumba ya ghorofa, na mazungumzo yao Mize alihadithiwa na mumewe mwenyewe, alipofika Tumbe kwa gari.

"Nani kamruhusu kushuka?" aliuliza Bi Thuraiya.

"Mie, mama."

"Kwa nini?"

"Alimtaka mama yake."

"Kwani mie si mama?"

"Wewe," alisema Bwana Hamood, "ni mama yangu."