Ubao wa Chini

Jeneza la mjukuu wangu nimelitengeneza kwa mikono yangu mwenyewe, tena nikipiga mluzi. Naanza na hilo kwa sababu kila nikilizunguka linanirudia, bora nilitapike mapema.

Mimi ni seremala. Natengeneza vitanda, makabati na milango, na watu wakifa natengeneza majeneza. Pia ni mzee wa kanisa, na nina mdomo. Mke wangu husema Mungu aliponigawia ulimi alikosea, akanipa na wa jirani. Ndiyo maana kila msiba niliitwa kusema neno, na neno langu lilikuwa hilo hilo: Mungu haadhibu bure. Ukiumia, ama umekosea, ama unafundishwa, kaa chini ujichunguze. Watu walisema amina, nami nikarudi nyumbani nikala nikashiba.

Neno hilo nilimwambia binti yangu miaka sita iliyopita, alipojifungua mtoto wake wa kwanza akiwa ameshakufa. Alikuwa bado amelala wodini. Mbele ya mumewe na wanakwaya waliokuja kumwona nikamwambia, "Mwanangu, tafuta ulipokosea." Aligeukia ukutani, na tangu siku hiyo hakukanyaga kwangu. Alipozaa tena, mtoto wa kike, nilisikia kwa mama yake, ambaye alikuwa akienda kuwaona na kurudi bila kunisimulia mengi. Mimi nikasema atarudi mwenyewe, damu nzito kuliko maji. Nikakaa kimya nikimsubiri yeye, mzee mzima nisiye na haya.

Sasa, karakana yangu ina sheria. Anayekuja kuagiza jeneza simuulizi jina la marehemu. Zamani nilimuuliza mmoja, akanitajia rafiki yangu niliyesoma naye, na siku hiyo msumeno ulinikata kidole. Tangu hapo jina sitaki. Niletee kamba yenye mafundo mawili, moja la urefu na moja la mabega, basi.

Asubuhi ile mke wangu aliondoka mapema mno, hata chai hakunywa. "Naenda kwa mgonjwa," alisema, amenipa mgongo. Sikuuliza mgonjwa gani. Alikuwa ameshapigiwa simu, na hakuweza kuniambia peke yake. Alitaka wazee wenzangu wa kanisa waje wanikalishe chini kwanza, kama tunavyofanya kwa kila mfiwa. Wazee wakachelewa. Aliyewahi ni mwanamume mmoja nisiyemjua, mkononi ana kamba.

"Fundi, tunaomba leo leo. Mazishi saa tisa."

"Mtoto?" nikauliza, maana kamba ilikuwa fupi.

"Mtoto. Homa ya siku mbili tu, jana jioni akatutoka. Mimi ni jirani yao."

"Poleni sana. Mungu haadhibu bure," nikasema, nikachukua msumeno.

Mbao nzuri nilikuwa nazo, ila nilizitunza kwa ajili ya kabati la mteja. Za pembeni na za kifuniko nilizipiga randa mpaka zikang'aa, kwa sababu zinaonekana. Ubao wa chini nikaokota mmoja uliokuwa umeegemea ukuta tangu mvua za mwaka jana, una ufa unaoingia kidole. Chini kunafunikwa kitambaa, nani ataangalia? Nikaupigilia, nikaweka kitambaa cheupe juu yake, huku napiga mluzi wimbo wa kwaya. Saa sita kazi ilikuwa imekwisha.

Kwa kawaida wenyewe hubeba. Siku ile nilipanda nao pikapu na sanduku langu la vifaa, nikasingizia kwamba kifuniko kinaweza kuhitaji kukazwa. Ukweli ni kwamba mdomo ulikuwa unaniwasha, nilitaka kusema neno.

Nyumba yenyewe sikuijua. Binti yangu alikuwa amehama, na sikuwahi kuuliza kahamia wapi.

Tulishuka, jirani mbele mimi nyuma, jeneza katikati yetu. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka chini ya turubai. Wa kwanza niliyemwona alikuwa mke wangu. Nilishangaa, nikadhani mtoto huyu ndiye yule mgonjwa aliyemwendea asubuhi, amekufa. Yeye akaniangalia, akaangalia nilichobeba, akasimama ghafla.

"Nani amekuambia?"

"Ameniambia nini?"

Akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Jirani akageuka. "Kumbe fundi unamfahamu bibi wa mtoto?"

Bibi wa mtoto. Maneno yaliingia sikioni yakagoma kushuka. Mke wangu ana mjukuu mmoja tu duniani. Tuliliweka jeneza chini, sijui nani aliniambia niliweke. Halafu nikafanya jambo la kijinga. Nilitoa ile kamba mfukoni, nikaanza kuipima kwa mkono, shubiri moja, mbili, tatu, mbele ya watu wote, na nikajisikia nikisema kwa sauti, "Alikuwa amefika hapa? Alikuwa mrefu hivi?"

Binti yangu alikuwa ametoka ndani, amesimama mlangoni, amekonda.

"Baba," akasema. "Umekuja na lile neno lako? Haya, sema. Safari hii nimekosea wapi?"

Nikafungua mdomo. Miaka thelathini haujawahi kuninyima maneno, siku hiyo ulikuwa mtupu kabisa. Nilimtazama mwanangu na nikaona, nimechelewa mno kuona, kwamba hajakosea popote.

"Sijui, mwanangu," nikasema. "Sijui kwa nini. Sikujua hata siku ile wodini. Nilikudanganya."

Watu waliguna. Nikaona nikiacha hapo sitamaliza tena.

"Na jeneza hili ni bovu. Ubao wa chini una ufa. Niliuweka makusudi, kwa sababu sikujua ni la nani."

"Yesu wangu!" mke wangu akalia. Mkwe wangu akaja juu, ngumi amekunja, na nasema kweli nilitamani anipige. Binti yangu akamshika mkono. Alikuwa ananitazama kama mtu anayesoma barua mara ya pili.

"Na Mungu je, Baba? Yeye anajua?"

"Yeye alimzika Mwanawe," nikasema, na nilishtuka kujisikia nikisema hivyo. "Mwanawe asiyekosea popote. Kaburi lenyewe la kuazima. Nimelihubiri kila Pasaka, mwanangu, na sijawahi kulisikia mpaka sasa."

Ndipo nikalia. Si kulia kwa mzee wa kanisa, kwa leso. Nililia kamasi zikinitoka, nimepiga magoti kwenye vumbi, na wale wanawake niliowahubiria kwenye misiba yao wakanitazama bila kunihubiria lolote. Mmoja alisogea tu akakaa karibu yangu.

Nikamsikia binti yangu akisema, "Kitanda chake kipo ndani. Mbao zake ni nzima."

Mkwe wangu akautoa ubao mmoja wa kitanda bila kunitazama. Ulikuwa umechorwa kwa penseli upande mmoja, jua lenye miguu, na mtu mwenye nywele nyingi, labda mama yake. Niling'oa ule wenye ufa, nikapima, nikaweka alama. Ule wa kitanda ulizidi kidogo, ilibidi kuukata. Nikaulaza juu ya viti viwili, nikachukua msumeno. Meno ya msumeno yakaruka nje ya alama. Nikajaribu tena, yakaruka tena.

Alipokuwa mdogo, binti yangu ndiye aliyekuwa akinishikia mbao karakanani. Kila mara nilimkaripia: shika, usitikise.

Akaja sasa, akainama upande wa pili, akabana ubao kwa mikono yote miwili, mchoro ukiwa juu.

"Kata, Baba," akasema. "Nimeshika."