Mchenza Uliokuwa Mzima

Akumu alipoitwa Kirewa kumuuguza mama yake, alimwachia jirani yake Rukiyah kazi ya kutunza miti yake ya matunda: mchungwa wa kubebeshwa kwenye shina la mlimau, michenza miwili na mlimau. Nyumba zao pale Busia zilitenganishwa na ukuta mmoja tu.

"Mama Shafic, wewe mwagilia tu," alimwambia. "Mengine nitafanya nikirudi."

Rukiyah alimwagilia kwa moyo. Lakini asubuhi moja aliona wadudu weusi wamejaa kwenye majani machanga ya mchungwa, akaona haya mwenzake arudi aukute hivyo. Akachukua bomba la kupulizia dawa ambalo mumewe, Jamilu, hulitumia shambani Bulumbi, akatia dawa ya wadudu, akaupulizia mchungwa mpaka ukalowa.

Jioni Jamilu aliliona bomba uani. "Uliliosha kwanza? Nilikuwa nimepulizia dawa ya magugu."

"Niliosha," Rukiyah akajibu. Hakuwa ameliosha.

Majani yakajikunja, yakageuka njano, yakapukutika. Akumu aliporudi alikuta matawi makavu.

"Sijui ni nini, Mama Juliet," Rukiyah alisema akiangalia chini. "Nimeona tu unakauka."

Akumu hakumlaumu. Alimshukuru, akampa na mihogo aliyotoka nayo Kirewa. Rukiyah aliipika, lakini yeye mwenyewe hakuila.

Etyang, muuza miche wa sokoni, aliposikia habari za majani ya njano alisema huenda ni ugonjwa unaorukia miti mingine. Alimshauri Akumu aikate miti yake yote kabla haujaenea kwa majirani, na maneno hayo yakamfikia Rukiyah.

Rukiyah alikuwa akianika nguo aliposikia panga upande wa pili wa ukuta. Alijua afanye nini, ila aliendelea kuanika. Akajiambia labda anakata mchungwa tu, ambao umeshakufa. Kisha akasikia matunda yakidunda chini. Mchungwa haukuwa na tunda hata moja.

Akaziacha nguo, akakimbia.

"Mama Juliet, acha! Si ugonjwa. Ni mimi!"

Akumu akageuka, panga mkononi. Rukiyah alimweleza yote: bomba, dawa ya magugu, uongo wake. Kati yao mchenza mmoja ulikuwa umelala ubavu, umejaa machenza mabichi.

"Kwa hiyo huu ulikuwa mzima?"

"Ulikuwa mzima."

"Na ulinisikia nikiukata?"

Angeweza kukana. "Nilisikia."

Akumu aliweka panga chini polepole. "Ya dawa ningekusamehe leo leo. Hata mimi naweza kuua mti kwa kutojua. Lakini kunyamaza hivi, Mama Shafic... Nenda nyumbani kwanza."

Rukiyah alikaa siku kadhaa bila kuthubutu kuvuka. Halafu akaenda mpaka Sop Sop kutafuta mche wa mchenza uliobebeshwa vizuri, akaja nao, akabisha hodi getini. Akumu alimfungulia, akamwonyesha pa kuchimba. Walichimba pamoja, wakauweka mche, kisha Rukiyah akaanza kushindilia udongo.

"Usiuzike sana," Akumu alisema. "Pale walipouunganisha paonekane."

Rukiyah akaparua udongo kwa vidole mpaka pakaonekana. Walipomaliza, Akumu alimmiminia maji akanawa, akamsindikiza hadi getini. Miaka yote waliyokuwa majirani hakuwahi kumsindikiza. Kila mmoja alikuwa akiingia na kutoka kwa mwenzake kama kwake.

"Asante kwa mche," Akumu akasema, akafunga geti.