Cheti cha Rangi

Habari hizi nilizipata kwa Boke mwenyewe, mke wa fundi Nyamhanga, juma lile la baada ya Pasaka, tulipokuwa tunapepeta mtama uani kwake, njia ya Butiama. Alisema huku mikono inaenda, wala hakuniangalia. Naziandika kama alivyozisema: mengine aliyaona, mengine mumewe alimweleza.

Nyamhanga alikuwa amesimama kaunta tangu ofisi ya kusajili wakandarasi ilipofunguliwa. Joto la Musoma siku ile lilikuwa lile la baada ya mvua, na upepo wa ziwani ulikuwa haufiki mle ndani. Benchi lilikuwepo, lakini limejazwa mafaili. Kwenye mfuko wa ndani wa koti alikuwa na bei ya ng'ombe wa mahari ya binti yake Wegesa, wote. Kila aliyempita karibu alimfanya aubane mfuko kwa kiwiko.

Ng'ombe wale hawakuwa wa kuuza. Wegesa alipoolewa waliingia zizini wakiwa wa kaka yake, Mseti, maana kwao kijana huoa kwa ng'ombe wa dada yake. Na Mseti alikuwa ameshamwonyesha baba yake msichana anayemtaka. Nyamhanga alimwambia mwanawe kwamba anaazima tu. Akishapata cheti cha ukandarasi, atapewa kazi ya madarasa ya shule ya kijijini, na ng'ombe watarudi kabla wakwe hawajachoka kusubiri.

Zamani hakuhitaji cheti. Alikuwa ameajiriwa na serikali, akajenga nyumba za walimu, zahanati, mpaka choo cha mkuu wa wilaya. Halafu mafundi wa serikali wakapunguzwa kazini. Wakaambiwa serikali haijengi tena kwa mikono yake, inatoa tenda, na kila mtu ruksa kuomba.

"Elimu?" karani aliuliza.

"Nimejenga ile zahanati ya..."

"Sijauliza umejenga nini, mzee. Elimu."

"Darasa la nne."

Karani aliandika, akapuliza wino. "Sasa sikiliza. Wakandarasi siyo kitu kimoja. Kuna wa majengo, huyo ndiye anainua ukuta. Kuna wa barabara na madaraja. Kuna wa umeme. Halafu kuna wa kazi maalumu: visima, rangi, mambo kama hayo. Kila aina ina madaraja yake, na wa daraja la chini hagusi kazi kubwa. Wewe unataka nini?"

"Kujenga."

"Kujenga unaajiri mtaalamu wa chuo. Una mtaalamu?"

"Mtaalamu si ndiye mimi?"

"Una mashine ya zege?"

"Nina chepe."

Mtu aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni alicheka mpaka akakohoa. Karani hakucheka. Aliinama karibu, sauti ikawa ya upole.

"Nikusaidie, mzee wangu. Rangi haitaki mashine. Ni ngazi na brashi. Nikikuandikia rangi, karatasi zinaondoka leo. Ukitaka majengo utazeeka kwenye hiyo kaunta. Si unataka kuitwa mkandarasi? Mkandarasi ni mkandarasi."

Nyamhanga alifikiri. Kwao fundi hakatwi vipande. Anayechimba msingi ndiye anayepandisha ukuta, ndiye anayeezeka, ndiye anayechonga mlango, na mwenye nyumba akifa ndiye anayemchongea jeneza. Hakuwahi kuona fundi akisimamishwa katikati ya nyumba akaambiwa ishia hapo. Aliona rangi ni mlango kama mlango mwingine. Ukishaingia, uko ndani.

"Andika," alisema.

"Na ya chai?"

Akatoa na ya chai.

Cheti kilipokuja, wanakijiji walianza kumwita Kandarasi. Walikuja kukitazama, wakasifu mhuri. Boke ndiye aliyeuliza, siku wageni walipoondoka.

"Baba Mseti, hii rangi utampaka nani?"

"Unasema nini wewe?"

"Nauliza tu. Hapa kijijini nyumba yenye rangi ni kanisa, na waliipaka wazungu."

"Mama Mseti, wewe endelea na ugali."

Tofali za shule walizichoma wanakijiji wenyewe kwa msaragambo, kazi ya pamoja isiyo na malipo, na tanuru alilipanga Nyamhanga. Alilipanga kama mtu anayejipangia mali yake. Kisha tenda zikafunguliwa wilayani. Kazi akapewa Mayala wa Bunda, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye cheti chake kilikuwa cha majengo. Ofisa mmoja alimshika Nyamhanga bega pale kwenye ngazi.

"Cheti chako ni kizuri, mzee. Tatizo hakiruhusu ukuta. Subiri ukuta usimame."

"Na nani atausimamisha?"

"Mwenye kuruhusiwa."

Mwenye kuruhusiwa alifika kijijini na pikapu, akashuka, akaizunguka ile milundo ya tofali, akauliza fundi wa hapa ni nani. Wakamwonyesha Nyamhanga.

"Kesho uanze," Mayala alisema. "Nitakulipa kwa siku, kama wenzako."

"Wameniambia sheria hainiruhusu kujenga."

Mayala alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Hujengi wewe. Najenga mimi. Wewe ni mkono tu."

Basi mkono ukajenga. Boke alikuwa anabeba maji ya kuchanganyia simenti pamoja na wanawake wengine, kwa hiyo haya aliyaona. Mwanzoni pikapu ilikuwa inashusha simenti. Halafu ikawa inashusha kidogo na kuondoka na nyingine kuelekea Bunda, eti kuna kazi kule inakwama. Nondo za kufunga ukuta juu ya madirisha hazikuja kabisa. Nyamhanga alisimamisha kazi, akamsubiri Mayala pembeni ya barabara, kofia mkononi.

"Bosi, bila nondo ukuta huu hautashika. Na huo mchanganyiko ni uji. Mimi sijengagi hivyo."

"Nani mkandarasi hapa?"

"Wewe, bosi."

"Na wewe cheti chako kinasema nini?"

Vibarua walikuwa wamesogea, wanasikiliza.

"Rangi," Nyamhanga alisema.

"Haya. Rangi ikifika, utaongea."

Wale vijana walicheka. Tangu hapo ilikuwa kila akitoa neno lolote, hata kuomba maji, mmoja anamjibu: "Kandarasi, rangi bado!" Naye aliendelea kupanga tofali. Angeacha, wangepanga wasiojua hata kuvuta kamba.

Nyufa zilitokea bati zikiwa bado zinapigiliwa. Ufa wa kwanza ulitoka kwenye kona ya dirisha ukapanda. Wa pili ukateremka hadi sakafuni, na mtu aliweza kuingiza kidole. Mwalimu mkuu aliuona. Alikohoa, akasema atawasiliana na wahusika, akaenda nyumbani kwake.

Aliyekuja ni Mayala. Safari hii alikuja mpaka kwa Nyamhanga, akakubali kiti, akakubali maziwa. Pikapu ilikuwa imejaa makopo ya rangi.

"Mzee, zamu yako imefika," alisema. "Sasa hii siyo kibarua. Ni mkataba, kwa jina lako, kwa cheti chako. Wakubwa wanakuja kufungua shule. Ziba zile nyufa vizuri, paka krimu juu, bluu chini. Nasikia kijana anataka kuoa. Ng'ombe utanunua wale wale na wengine."

"Bosi, ukuta ule ni wa kubomoa."

"Cheti chako kinaruhusu kubomoa?"

Nyamhanga aliyatazama yale makopo ya rangi.

"Kama hutaki, nina mtu wa kupaka rangi kule Bunda. Lakini nimesema nianze na wewe, maana umeteseka." Akanywa maziwa mpaka chini. "Ila ujue, anayepaka rangi ndiye wa mwisho kukabidhi. Akishakabidhi, ina maana ameuona ukuta na ameridhika."

Pikapu ilipoondoka, Mseti aliyekuwa amekaa kizingitini alisema bila kuinua uso, "Baba, mimi sisemi kitu. Ila kwao na yule msichana wameshapokea watu wengine waliokuja kuposa, wametoka Tarime. Wanatungoja mpaka mwisho wa mwezi."

"Nimesikia."

"Sisemi kitu."

Boke naye hakusema kitu. Hilo alilirudia mara mbili pale kwenye ungo: nami sikusema kitu.

Nyamhanga alichukua ngazi. Alizijaza nyufa taratibu kwa kisu, akalainisha kwa kitambaa chenye maji, akangoja zikauke, akapaka, akarudia. Hakutaka msaidizi. Waliopita walisimama kutazama, maana hawakuwahi kuona ukuta laini namna ile. Alipomaliza ungepitisha kiganja kutoka mlango hadi mlango usiguse kitu.

Siku ya kufungua, mgeni rasmi alikata utepe akasifu sera mpya, kwamba sasa hata mwananchi wa kawaida ni mkandarasi. Akauliza aliyepaka rangi nzuri hivi ni nani, asimame. Nyamhanga alisimama nyuma, karibu na sufuria za pilau. Walimpigia makofi. Mayala alipiga kwa nguvu kuliko wote.

Jumatatu watoto wakaingia. Helena, kitinda mimba wao, yuko darasa la tatu. Alirudi mbio, jua bado lipo, akamkuta baba yake anajisugua vidole kwa mafuta ya taa, maana ile bluu ilikuwa imegoma kutoka kwenye kucha.

"Baba! Mwalimu amenikalisha pale ukutani, kwenye dirisha! Wenzangu walipapigania, akasema atakaa Helena, baba yake ndiye aliyepaka."

Nyamhanga aliendelea kusugua.

"Kesho usiende," alisema.

"Kesho tuna jaribio. Nisipoenda nitachapwa. Kwa nini nisiende?"

Boke aliinua macho kutoka jikoni, akangoja asikie mumewe atasema nini.

"Basi nenda," Nyamhanga alisema. "Ila usiegemee."

"Nisiegemee nini?"

"Ukuta."

Helena alicheka. "Sasa baba, ukuta si ndio wa kuegemea?"

Alikula ugali wake wote na mboga ya kaka yake, akaenda kujilaza, akasinzia na sare ya shule mwilini. Boke alimfunika, akaosha vyombo, na kichwa kilipogusa mkeka naye usingizi ukamchukua. Nyamhanga alibaki amekaa na kile kitambaa cha mafuta ya taa mkononi. Alimtazama mtoto jinsi alivyolala, mgongo kaupa ukuta. Akamvuta taratibu, pamoja na mkeka, mpaka katikati ya chumba. Mtoto akiwa usingizini akajivingirisha, akarudi ukutani. Nyamhanga akamvuta tena. Kisha akajilaza mwenyewe kati ya mtoto na ukuta, na viatu mguuni, akalala.