Soli za Mpambe

Fundi alikuwa anashona gidamu ya kiatu cha mwalimu wa darasa la pili, cha kushoto, maana kwa mwalimu yule siku zote cha kushoto ndicho kinachokatika, wakati mrithi wa ufalme wa nchi jirani alipoingia dukani na kusalimia. Ilikuwa asubuhi, msimu wa likizo. Duka lilikuwa limefagiliwa, birika liko jikoni, na Bibi, mama mzaa baba wa Fundi, amekaa mkekani anapaka uzi nta. Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja chini ya ngazi za nyumba ya wageni ya shangazi, chenye dirisha linalotazama ziwa na rafu ya viatu vilivyosahauliwa na wenyewe.

Mrithi alikuwa kijana mrefu, mpole, shati lake limepigwa pasi mpaka kwapani. Nyuma yake akaja mpambe wake, mtu mwembamba kama njiti ya kiberiti. Mpambe alipokanyaga kizingiti, jiwe la kizingiti likalia.

"Karibuni," Fundi akasema. "Viatu vina nini?"

"Havina kitu," mrithi akasema. "Ndiyo shida yenyewe. Ninavyo tangu nimalize shule."

Fundi akavigeuza. Juu ngozi ilikuwa na mikunjo ya kuvaliwa, lakini chini soli zilikuwa mpya, na kibandiko cha kiwandani bado kimeng'ang'ania kisiginoni.

"Huwa huvivai?"

"Navivaa kila siku."

"Basi unatembelea mikono," Bibi akasema.

Mrithi akacheka. Alitaka, alisema, ashonewe jozi itakayochakaa kama viatu vya watu.

Fundi alichukua vipimo kama alivyofundishwa na marehemu baba yake. Aliweka kipande cha boksi sakafuni, mteja akasimama juu yake, naye akazungusha penseli kando ya mguu. Safari hii penseli ilipofika ubavuni mwa mguu ilipita chini yake, ikatokea upande wa pili bila kugusa kitu.

"Kanyaga, kaka."

"Nimekanyaga."

"Hujakanyaga. Kanyaga mpaka chini."

"Mwisho wangu ni hapo," mrithi akasema kwa adabu, kama mtu anayeeleza kwamba hatumii sukari.

Fundi akainama, akaona mwanga unapita kati ya unyayo na boksi, nafasi ya kutosha kupitisha kidole. Akaliinua boksi mpaka likamgusa mrithi unyayo, akachora hivyo hivyo.

"Ukoo wao uko hivyo," Bibi akasema, macho kwenye uzi. "Babu yake alikuja hapa mimi ni msichana. Yule alikuwa juu zaidi, mlangoni anapita ameinama. Kwao wanatandikiwa zulia tangu kitandani, mguu unasahau. Kaa, mume wangu, unywe chai."

Mrithi akakaa. Mpambe akaonyeshwa kigoda, akashukuru, akaenda kukaa juu ya jiwe la kupondea ngozi. Vigoda, alisema, vinamvunjikia. Hata juu walikofikia, shangazi alikuwa amempa chumba cha chini, jirani na chumba cha kufulia, kwa sababu ya ngazi za mbao. Walipokuwa wanaondoka, mpambe akatoa kifurushi cha kitambaa, akakiweka mezani taratibu.

"Na hivi, binti, ukipata nafasi."

Ndani mlikuwa na viatu vyake. Soli zimetoboka mpaka mkono unapita.

"Vya miaka mingi hivi, mjomba?"

"Vya mwezi huu."

Viatu vya mrithi vilipokaribia kukamilika, Fundi alivitia mabamba ya chuma ndani ya soli, ili vimvute chini. Mrithi akavivaa, akafunga kamba, akasimama. Viatu vikabaki sakafuni, yeye akachomoka, akasimama juu yake na soksi zake. Bibi alicheka mpaka akaangusha nta. Fundi naye akacheka, na mrithi akacheka kuliko wote, na ndivyo mambo yalivyoanza, maana watu wawili wakishacheka hivyo huwa vigumu kuagana upesi. Kesho yake akarudi kuulizia viatu vilivyokuwa tayari. Keshokutwa akarudi kuulizia hali ya Bibi.

Dawa ilipatikana kwa bahati. Fundi mikono ilikuwa imejaa gundi, na ndoo ilikuwa tupu.

"Wewe uliyekaa kama bwana harusi," akamwambia mrithi, "niletee maji bombani."

Mpambe akainuka haraka kuchukua ndoo.

"Sikukwambia wewe, mjomba. Kaa."

Mrithi akaenda mwenyewe. Alirudi na nusu ya maji, nusu nyingine ameimwaga kwenye suruali. Fundi alipopitisha penseli chini ya mguu wake, penseli haikupita tena. Bibi akajaribu kwa karatasi. Karatasi ilipita, lakini kwa shida.

Basi mrithi akapewa kazi. Alifua soksi zake mwenyewe, akazianika vibaya, akazianika tena. Alibeba kikapu sokoni nyuma ya Fundi, ambaye alimkataza kushika nyanya baada ya kuona anavyozishika. Jioni walitembea njia ya kando ya ziwa. Fundi alimsimulia habari za wateja wake, kama yule aliyeleta kiatu kimoja kubadilishwa soli kwa sababu mguu wa pili hautumii sana, na mrithi alimsimulia namna kwao watu wanavyoketi chakula kikapoa wakisubiri nani aanze kula. Mkono wa Fundi ulikuwa mkononi mwake, na haikuonekana ni nani aliyeuweka.

Jioni moja kukasikika mlio kwenye changarawe. Mrithi akasimama. Akainua mguu, akaushusha. Ukalia tena.

"Nini hicho?"

"Ni wewe," Fundi akasema.

Saa hiyo hiyo, mpambe alipanda ngazi za mbao za nyumba ya wageni bila kuitwa na mtu. Ngazi hazikulia. Akakaa kwenye kiti cha ukindu kibarazani juu, akaagiza chai, akatazama ziwa zima, ambalo tangu wafike alikuwa amelionea dirishani tu. Shangazi alisema alikunja nne kama mtu aliyeuza shamba, na upepo ulikuwa unampeperusha koti. Mrithi na Fundi waliporudi walimwona kutoka chini. Akawapungia mkono.

Asubuhi yake, dukani, mrithi alikoroga chai muda mrefu.

"Kumbe uzito ni wangu."

"Ni wako, Mtukufu," mpambe akasema. "Nilikabidhiwa siku uliyopewa jina. Nilikuwa bado nasoma. Baba yangu alibeba uzito wa mzee wako."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani unajua. Wote wanajua."

Mrithi alikosa raha mpaka chai ikapoa. Kisha akaomba nyingine.

Siku zilizofuata zilikuwa nzuri. Alipata lengelenge, la kwanza maishani mwake, akalionyesha kwa shangazi, kwa muuza magazeti na kwa mwalimu wa darasa la pili, ambaye alilisifu. Fundi aligeuza viatu vyake akaona soli imeanza kulika, na imelika zaidi upande wa kushoto, upande ambao Fundi mwenyewe hutembea wakiwa pamoja. Hakumwambia mtu. Alikishika kiatu kile muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka.

Lakini magoti nayo yakaanza kuuma, na kiuno.

"Hivi nyinyi mnakuwa hivi kila siku?"

"Kila siku."

"Na usiku?"

"Usiku unalala nao," Fundi akasema. "Magoti yanazoea."

Likizo ikaisha. Gari la ikulu likaja, zulia limekunjwa juu yake kama godoro la wahamaji. Mrithi aliingia dukani ameshika goti.

"Twende wote," akamwambia Fundi. "Nimeshawaandikia. Mama atakupenda, ukishaacha kunuka gundi."

"Mimi nafika chini, mwenzangu."

"Utapanda taratibu. Mke wa mjomba wangu alikuwa muuza maziwa, sasa hata zulia haligusi."

"Na uzito wangu?"

"Atatafutwa mtu," mrithi akasema, kwa upole kabisa, kama mtu anayemwambia mgeni kwamba kikombe kitapatikana.

Fundi akamtazama mpambe, aliyekuwa amesimama mlangoni na masanduku yote mawili, anatazama vidole vyake vya miguu.

"Au ubaki wewe," Fundi akasema. "Kwa shangazi kuna chumba."

Mrithi akafikiri kweli. Alitazama ziwa, akatazama njia ya changarawe, akatazama ngazi. Alikuwa kijana mwema na alimpenda. Mkono uliokuwa kwenye goti haukuondoka.

"Nitakuja likizo ijayo," akasema. "Nikiwa hapa nitatembea kila siku. Naapa."

"Haya," Fundi akasema, akauma uzi. Akageukia dirishani.

Mrithi akavua viatu, maana vilikuwa vinambana, akavipanga vizuri kando ya mlango. Akamuaga Bibi kwa mikono miwili. Zulia likatandikwa, akalipanda, na alipofika katikati yake tayari kidole kingepita chini ya mguu wake. Mpambe akafuata. Jiwe la kizingiti, alipolikanyaga, likapasuka katikati.

Likizo iliyofuata mrithi hakuja, alikuwa anaoa. Fundi naye baadaye aliolewa na fundi bomba, mtu mcheshi anayetembea kwa kishindo mpaka Bibi analalamika. Viatu vya mrithi vilikaa kwenye rafu ya vilivyosahauliwa. Vya mpambe vilikuja kila mwezi kwa basi, katika kitambaa kile kile, na kwa soli zake Fundi alijua habari kabla ya redio. Mwezi wa harusi visigino viliondoka. Mwezi ambao mrithi alitawazwa, soli hazikuwapo kabisa.

Siku moja kifurushi kilikuja kinene zaidi. Pamoja na viatu vya mpambe mlikuwa na vingine, vidogo, vya mkanda, vya mtoto anayeanza shule. Juu vilikuwa vipya, hata mkwaruzo havina. Chini vimetoboka.

Bibi akapapasa tundu kwa kidole.

"Mfalme amepata mtoto," akasema. "Na mpambe naye, kumbe ana mwana."

Fundi akateremsha kipande cha tairi, akaweka kiatu kidogo juu yake, akazungusha penseli. Akakata soli moja, akakata na ya pili ya kuweka juu yake. Kisha akachagua misumari mirefu, ili ya tatu itakapohitajika ipate pa kushika.