Geti la Asali

Kila siku jua likifika utosini Masele alisinzia kwenye benchi lake kando ya geti, na kila siku msafara ulipita. Kwanza ilisikika kengele ya kirangozi aliyetangulia mbele. Kisha nyayo, nyayo nyingi laini kwenye mchanga, na harufu ya jasho la watu waliobeba pembe za ndovu tangu Ujiji. Hakuwa amelala, wala hakuwa macho. Babu yake, mpagazi aliyekufa zamani, alipita na mzigo begani, akaangusha jiwe moja kwenye rundo la mawe kando ya njia, akaenda zake. Wapagazi wote walifanya hivyo hapo: jiwe moja, safari njema.

Rundo lilikuwepo bado, limefika kifuani mwa mtu. Halmashauri ilipotafuta mahali pa kuweka geti la ushuru wa asali, iliweka hapohapo, kwa sababu watu walishazoea kusimama.

Masele alikuwa amekaa pale miaka kumi na mmoja. Warina asali walitoka porini na madebe kwenye baiskeli, wakamtukana kidogo, wakalipa, akawakatia stakabadhi. Fedha ile ilikwenda wapi hakuhitaji kuambiwa. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na zahanati ya vyumba viwili, na ndani yake Sikuzani, mkunga, mtu wa Chemchem kule mjini, aliyelipwa na halmashauri. Geti na zahanati vilianza mwaka mmoja.

Mwaka wa nane wa uhuru serikali ilifuta kodi ya kichwa, na ushuru wa mazao ukafutwa pamoja nayo. Watu walicheza ngoma. Baada ya wiki mbili tarishi akaja na pikipiki, akiwa na barua mbili. Ya Masele ilisema boriti ya geti ipandishwe isishuke tena, na mwisho wa mwezi kazi yake imekwisha. Ya Sikuzani ilisema fungu la zahanati halina kitu. Afunge Jumamosi, arudi mjini.

"Hata mimi nilicheza hiyo ngoma," Sikuzani akamwambia tarishi. "Marehemu baba alilala siku tatu kwenye mtaro akikimbia kodi. Lakini hao wakubwa wako walidhani mafuta yangu ya taa yanachotwa kisimani?"

"Dada, mimi tarishi tu. Matumizi ni yaleyale, mfuko umebaki nusu. Hata hii pikipiki imekunywa mafuta ya mkopo."

Pelagia, binti yake Masele, alisikia yote. Mimba yake ilikuwa imepita miezi minane. Mtoto wake wa kwanza alifia kwenye mkokoteni wa ng'ombe, katikati ya njia ya kwenda hospitali ya mjini, wakati Sikuzani yuko likizo. Alichukua ufagio, akaenda kufagia uwanja wa zahanati, kana kwamba mahali pasafi hapawezi kufungwa.

Boriti ikapandishwa. Siku ya nne, saa sita mchana, Lugembe, mmoja wa warina, akarudi kutoka mjini na madebe yake mawili, bado yamejaa.

"Mwangaluka, mzee wa geti."

"Mwangaluka. Mbona asali imerudi?"

"Mnunuzi wetu Nassibu kaikataa. Anasema asali isiyo na stakabadhi yako imeibwa kwenye msitu wa serikali. Nikamwambia, ushuru umefutwa. Akanijibu, ushuru umefutwa, wizi haujafutwa. Kwa hiyo nitoze."

"Siwezi."

"Nitoze, bwana! Miaka kumi na mmoja unanikamua kama mbuzi, leo nimekuja mwenyewe unajifanya padri?"

Nyuma yake walikuwepo wengine sita. Walipanga baiskeli zao mstari mmoja. Mmoja alikwenda akaishusha boriti kwa mkono wake mwenyewe, akarudi kwenye nafasi yake.

Kitabu cha Masele kilikuwa na karatasi thelathini zilizobaki. Ushuru wa karatasi thelathini ungemweka Sikuzani hapo miezi mitatu, na nani angejua? Hawa walikuwa wanaomba wenyewe. Ng'ambo ya barabara aliona mgongo wa Pelagia, ameinama na ufagio.

Joto likatetemeka juu ya barabara. Kengele ikalia. Babu alikuwa amesimama mbele ya boriti, mzigo begani, nyuma yake msafara mzima kimya. Masele alikumbuka jinsi mzee alivyokuwa akisimulia habari za hongo, ushuru wa misafara ya zamani. Mtemi alichukua nguo na shanga, akakupa kisima na njia salama. Mtemi aliyechukua hongo bila kuwa na haki juu ya kisima, huyo, mzee alimwita mnyang'anyi, akatema mate. Sasa babu alingoja tu, kama mtu mwenye siku nzima.

Masele akafumbua macho, akafungua kitabu. Aliandika: Lugembe, asali, madebe mawili. Mahali pa shilingi akaandika: hakuna. Akagonga mhuri.

"Hakuna?" Lugembe aliigeuza karatasi nyuma na mbele. "Nimekanyaga baiskeli maili ishirini kwa ajili ya hakuna?"

"Nassibu anataka karatasi, hiyo karatasi. Asali ni yako, imepita hapa, haikutozwa. Hakuna uongo ndani yake."

Aliwaandikia wote saba. Kisha akaleta ndoo kutoka nyumbani, akaiweka juu ya rundo la mawe.

"Ushuru hakuna tena," alisema. "Sikuzani anafunga Jumamosi. Ndoo hiyo pale. Anayetaka kupita, apite."

Akapandisha boriti, akageuza benchi, akakaa akiwapa mgongo, asije akajua nani katoa na nani hakutoa.

Halafu akasikia kifuniko cha debe.

"Mke wangu kazaa wanne mle ndani," sauti ya Lugembe ilisema, "mimi nikiwa hapa nje namtukana huyu."

Asali ilimiminika polepole, kwa sauti ndogo ambayo mtu hawezi kuisikia asiponyamaza kabisa. Baiskeli moja iliondoka bila kusimama penye ndoo. Masele hakugeuka.

Nassibu aliinunua ndoo ile, na nyingine tatu zilizofuata, na fedha ikavuka barabara kwenda zahanati. Sikuzani aliandika mjini kwamba ana mgonjwa asiyeweza kuachwa, na hakudanganya. Pelagia alijifungua asubuhi ya mvua ya kwanza, mtoto wa kike, mabati yakinguruma hata kilio chake hakikusikika mpaka nje.

Kisha warina wakaacha pori wakaenda kulima, na ndoo ikakaa juu ya mawe ikijaa maji ya mvua. Sikuzani alifunga zahanati wiki mbili kabla ya Krismasi. Alimpa Masele ufunguo, akambusu mtoto, akaokota jiwe barabarani, akaliweka kwenye rundo, akajitwika sanduku lake la bati, akashika njia ya mjini.

Mchana ule Masele alikaa kwenye benchi, mjukuu kifuani. Boriti ilikuwa imeanza kuliwa na mchwa. Kengele ikalia, msafara ukapita wote, na wa mwisho alikuwa mwanamke mwenye sanduku la bati kichwani.