Kumbeba Mama

Siku fundi cherehani alipomwangusha mama yake mlangoni pa choo, jirani yao muuza nyama alikuja mbio, akamnyanyua mama wa watu kama anainua mtoto, akamlaza kitandani. Kisha akacheka.

"Shemeji," alimwambia mke wa fundi, "huyu wako kazoea kubeba uzi."

Miguu ya mama ilikuwa imekataa kazi. Tangu siku ile muuza nyama ndiye aliyeitwa kila asubuhi kumpeleka bafuni, na fundi alikaa akikanyaga cherehani bila kushona kitu, akimsikia mwanamume mwingine akimbeba mama yake. Jambo hilo lilimkaa rohoni kama mwiba.

Akaamua kujenga mwili. Vyuma hakuwa navyo wala pa kuviweka. Chumba chenyewe ukigeuka unagonga kabati. Alipiga pushapu miguu ikiwa juu ya kitanda. Alijaza mchanga kwenye mfuko wa unga, akaukumbatia kifuani, akachuchumaa na kuinuka mpaka magoti yakalia. Madumu ya maji aliyokuwa akinyanyua yalipoanza kuwa mepesi, alitia pasi ya mkaa kwenye begi akalivaa mgongoni.

"Utavunja kitanda, na kingine hatuna," mkewe alisema.

"Kikivunjika nitawabeba wote wawili."

Lakini mwili haujengwi kwa jasho tupu. Nyumba ile yai lilikuwa moja kwa siku, nalo la mgonjwa. Mama akamsogezea mwanawe sahani.

"Kula wewe unayenyanyua. Mimi nalala tu, la nini kwangu?"

Siku ya kwanza fundi alikataa. Siku ya pili alikataa kwa sauti ndogo. Baada ya hapo hakukataa tena, na mkewe akaacha kumtazama wakati wa kula.

Mabega yakatanuka, kifua kikawa kama ubao. Asubuhi moja akamzuia muuza nyama mlangoni.

"Leo pumzika, bwana mkubwa. Mama nambeba mwenyewe."

Akaingiza mikono chini ya mama, akavuta pumzi, akainua kwa nguvu zote alizokusanya. Nusura amrushe darini. Mzigo haukuwepo. Ilikuwa shuka na mifupa.

Hakufika hata katikati ya chumba.

"Niweke chini, baba. Unaniumiza."

"Wapi, mama?"

"Kote. Mikono yako imekuwa mbao, na mimi sina tena nyama ya kulalia." Kisha akasema, bila ubaya wowote, "Mpe yule bwana. Yeye ana tumbo, nikimwegemea napumzika."

Muuza nyama hakucheka. Alifuta mikono kwenye shati, akampokea mama taratibu, naye akalaza shavu kwenye lile tumbo na kufumba macho. Fundi alibaki amesimama palepale, mikono bado ameikunjua mbele.

"Sogea basi," mkewe alimwambia. "Umewazibia njia."